Mahindi Vipara Chini ya Dirisha Letu

Jumatatu, 3 Machi

Sasa hivi mwanangu ameniletea kiwavi. Amemshika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota hereni. Kwanza akambusu yeye mwenyewe, halafu akaninyooshea mdomoni na mimi nimbusu. Nikambusu. Ningefanyaje? Ana mwaka mmoja na miezi minane, na hiyo ndiyo zawadi yake ya kwanza kunipa.

Mwanangu alipogeuka, yule kiwavi nikamponda kwa ndala. Mungu anisamehe.

Ametoka kwenye mahindi yangu. Mahindi matamu, yale laini ya kutafuna kama tunda! Mihindi ishirini na mitatu, kwenye ukanda wa udongo chini ya dirisha letu. Chumba chetu kina dirisha hilo moja tu. Na jirani yangu, fundi cherehani, anautaka ukanda huo huo ajenge banda la kuku. Banda! Ukutani kwetu! Manyoya na harufu viingie hadi kitandani kwa mtoto ambaye vumbi kidogo tu linamkohoza.

Mama mwenye nyumba amesafiri kwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua. Kabla ya kuondoka alitukatia shauri. Akirudi Jumapili ya tarehe 30 akute mahindi sita yaliyojaa, ukanda ni wangu. Yakipungua sita, kuku.

Sita tu! Na mimi nina ishirini na matatu. Hata nikipoteza nusu nacheka.

Mwanangu tunamwita Kifungo, tangu ameze kifungo cha fundi cherehani. Kilitoka siku ya pili, nikakiosha vizuri kwa sabuni, nikampelekea mwenyewe. Akakikataa. Tangu hapo salamu zetu ni za juu juu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa ya viwavi! Pilipili kali kumi na mbili, nimetwanga, nimechanganya na sabuni ya kufulia, nimechuja kwa soksi ya Baba Kifungo. (Ilikuwa safi. Karibu safi.) Nikatia kwenye chupa yangu ya kupulizia, ile ninayolowanishia nywele za wateja. Mimi ni msusi, nasukia hapa hapa kibarazani. Nikapulizia mihindi yote. Viwavi wakajinyonganyonga. Nikacheza peke yangu uani.

Saa nne akaja mwalimu wa chekechea kusukwa. Mteja wangu bora kuliko wote, hatingishi kichwa hata nikivuta vipi. Nikamgawa nywele. Nikachukua chupa, nikapulizia. Nikapulizia tena, maana nywele zake ni kavu.

Mwalimu yule huwafundisha watoto wanyooshe mkono kabla ya kusimama. Leo hakunyoosha. Alitoka mbio hadi bombani, upande mmoja umesukwa, upande mmoja umesimama, akipiga kelele kwamba ubongo unaungua. Nikamfuata na ndoo nikimwambia pole mwalimu, pole mwalimu. Kifungo akatufuata akipiga makofi.

Fundi cherehani alisimamisha mashine yake ili asikie vizuri. Akaniuliza kwa upole kabisa, eti shoga, siku hizi unasuka au unakaanga?

Mchana nimekwenda kwa mwalimu kumwomba radhi, na mafuta ya nazi mkononi. Amesema atafikiria. Nimeapa: chupa ya dawa mbali, chupa ya nywele mbali. Kesho natafuta ya pili.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua ya siku mbili. Halafu upepo. Asubuhi nafungua dirisha, mihindi yote imelala chali kama wageni waliokula wakashiba!

Nimelia kidogo. Kifungo akanifuta machozi kwa ndala yake. Ilikuwa na matope. Nikaacha kulia.

Nikafikiri: nywele zikilegea zinashikwa na nini? Na msuko. Nikakata vijiti, nikachukua nywele za bandia, zile za rangi ya zambarau ambazo hakuna mteja anayezitaka, nikausimamisha mhindi mmoja mmoja na kuusukia kwenye kijiti chake. Mafundo matatu kila mmoja, tena ya kuvutia. Imesimama yote ishirini na mitatu! Fundi cherehani akapita na beseni la nguo, akauliza sherehe ni lini, maana maharusi wameshapambwa. Nikamwambia tarehe 30, na yeye asikose.

Chupa ya pili sijapata bado. Mvua.

Jumatatu, 10 Machi

Mahindi yametoa nywele! Laini, rangi ya asali, kila hindi na kishungi chake. Nikamwita Baba Kifungo aje aone. Akaja na spana mkononi (yeye ni fundi baiskeli), akatazama, akasema mazuri.

Halafu nikachambua kishungi kimoja kwa chanuo. Viwavi watatu ndani! Wamejificha humo kama chawa.

Nikaleta pakiti ya mbegu. Maandishi yake siyajui, ni ya lugha ya mbali, lakini picha naisoma vizuri sana. Na hindi la pichani halina hata unywele mmoja! Limejaa, linang'aa, kipara kitupu. Sasa nani atanibishia? Nywele zinanyonya nguvu na kufuga wadudu. Mtoto mwenye chawa anafanywaje? Ananyolewa.

Baba Kifungo akauliza, hivi nywele hizo hazikuwekwa pale kwa kazi fulani? Nikamwambia mume wangu, baiskeli ni zako, mambo ya nywele niachie mimi. Akarudi kwenye baiskeli.

Nimenyoa yote kwa mkasi. Mahindi ishirini na mawili.

La ishirini na tatu limenishinda. Ni lile la pembeni, karibu na bomba la maji ya paa. Kifungo amelipa jina, analiita Dada. Kila asubuhi akiamka anakwenda kulikumbatia, na leo amelipapasa nywele. Nilipolisogelea na mkasi alilia kilio cha msibani, hadi fundi cherehani akachungulia kuona nani kafa. Nimeliacha. Hindi moja lenye chawa halitatuua.

Jumatatu, 17 Machi

Nywele zinarudi! Nanyoa kila asubuhi kabla ya kuteka maji. Na juu ya hapo, ncha ya kila hindi nimeifunga kwa uzi mweusi, kiwavi asipate hata pa kubisha hodi. Wiki nzima sijaona kiwavi ndani ya hindi! Nilijua. Darasa la saba nililoishia si haba.

Sasa ni ndege. Nimechomeka kwenye fimbo kile kichwa cha plastiki nilichojifunzia kusuka, nikakivika shuka jeupe, nikakisimamisha katikati ya mihindi. Ndege wakaja, wakakaa juu yake, wakakinyea. Aliyeogopa ni fundi cherehani. Alikwenda alfajiri kuwafungulia kuku wake anaowalaza kwenye tenga, akakikuta kinamtazama. Amesema moyo wake si wa jana wala juzi, na nikirudia tena atanishtaki kwa mama mwenye nyumba. Nimekitoa. Roho imenisuta kidogo, ila si sana.

Jumatatu, 24 Machi

Siku sita. Mahindi yamesimama wima, maganda ya kijani kibichi, uzi mweusi kichwani. Yanapendeza mno.

Ni membamba, lakini.

Baba Kifungo amebinya moja akasema anaona kama ameshika mpini wa pampu. Nimemwambia ni umbo. Kuna wanene na kuna wembamba, na wote ni watu. Akabinya lingine, akanitazama, akanyamaza. Ukimya wa mume wangu siupendi. Anaponyamaza hivyo kwa mwenye baiskeli, ujue fremu imekatika.

Fundi cherehani ameshaleta mbao. Amezilaza kwenye ukuta wetu, chini ya dirisha kabisa, akapima na futi yake ya kushonea, akiimba. Kifungo amekohoa vumbi la mbao zile mchana mzima. Nimempakata hadi akatulia, nikimwambia usijali mwanangu, sita tu, sita tu.

Jumapili, 30 Machi

Niandike haraka kabla sijasahau hata moja.

Mama mwenye nyumba amefika saa tatu. Hata mzigo hakutua, akaja uani moja kwa moja. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, mjukuu hajambo, hajambo, haya nionyeshe. Fundi cherehani naye yupo, futi shingoni. Baba Kifungo kaacha tairi ya mtu ikielea kwenye beseni.

Nikamenya la kwanza. Gunzi tupu. Jeupe! Punje mbili tu, moja huku, moja kule.

La pili, punje moja. La tatu, hakuna. La nne, hakuna. Nikawa namenya upesi upesi kama mtu anayetafuta ufunguo. Vibogoyo vitupu! Chini pamejaa maganda na magunzi, na mimi katikati, masikio yanawaka moto. La ishirini na mbili lilikuwa na punje nne, mbili juu, mbili chini, sawasawa na mdomo wa Kifungo alipofikisha miezi minane. Siku nyingine ningecheka.

Fundi cherehani akapita juu ya maganda. Alifungua futi yake polepole, akainama ukutani. Nikatazama dirisha letu. Pazia lilikuwa linapepea, na mimi nikaanza kuliaga.

Kifungo alikuwa kwenye kona yake amemkumbatia Dada. Mama mwenye nyumba akauliza, na hilo? Nikamwambia hilo lina wadudu mama, halikunyolewa. Akauliza halikufanywa nini?

Akalimenya mwenyewe. Kiwavi mmoja pale ncha, mnene, amelala. Na chini yake punje! Mistari hata siwezi kuhesabu, zimebanana, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Kifungo aliona Dada amevuliwa nguo, nikajua sasa ni kilio. Hakulia. Akalichukua, akaling'ata, akatafuna, akawaza. Kisha akamnyooshea mama mwenye nyumba mdomoni, vile vile alivyoninyooshea mimi yule kiwavi.

Mama mwenye nyumba akang'ata. Akatafuna. Akavuta stuli yangu ya kusukia, akakaa. Wakala kwa zamu, mtoto mstari, bibi mstari, hadi gunzi likabaki. Sisi watu wazima watatu tumesimama tu tunameza mate.

Ndipo akaniuliza nilinyoa nini hasa. Nikamweleza yote: chawa, picha ya pakiti, mkasi, uzi. Akaanza kutikisika. Nikadhani amepaliwa. Alikuwa anacheka! Alicheka hadi kilemba kikamwangukia magotini.

Kisha akanikalisha chini. Amesema kila unywele una punje yake. Ungaunga unaoshuka kutoka kule juu ya mhindi unapita kwenye unywele ndio punje ijae. Ukikata unywele, punje haina njia. Nikaitikia ndiyo mama, ndiyo mama.

Hukumu: sita hayakufika. Lakini hajawahi kula hindi tamu namna ile, na hawezi kufa na kiu ya hindi la pili. Napewa msimu mmoja mwingine. Fundi cherehani atajenga banda kule nyuma ya tangi, ambako hakuna dirisha la mtu. Sharti ni moja: mkasi usionekane tena karibu na mahindi. Nimeapa mbele ya wote.

Fundi cherehani amebeba mbao zake. Akipita akanong'ona, eti hongera shoga, umeokolewa na meno ya mtoto. Nikamwambia ahsante. Mbao mbili nikamsaidia kubeba.

Jumanne, 1 Aprili

Nimepanda! Mbegu arobaini. Kifungo amezifukia kwa kisigino, moja moja, na nyingine ameziimbia.

Nimekaa nikayafikiria yale maneno ya mama mwenye nyumba. Ni mtu mzima, namheshimu sana. Lakini habari za nywele ataniambia mimi? Unywele uwe njia ya punje! Nimesuka miaka sita, sijaona kitu kikipita ndani ya unywele. Dada alijaa kwa sababu alikumbatiwa kila asubuhi, kila mwenye macho aliona. Basi msimu huu tutayakumbatia yote arobaini, mimi safu hii, Kifungo safu ile, Baba Kifungo akitoka kazini amalizie.

Na kunyoa nimeapa mkasi. Mkasi nitautii. Wembe hakuna aliyeutaja.

Dawa ya viwavi nayo tayari, safari hii pilipili ishirini. Nimeitia kwenye chupa ile ile, imeshaizoea, na nyingine nitatafuta kesho. Nimeiweka pale dirishani ipate jua.

Furaha juu ya furaha, mwalimu wa chekechea amenisamehe! Amekuja sasa hivi, namsikia kibarazani anacheka na Kifungo. Ananiita. Anasema nisiharakishe, nimalize tu kuandika, ameshakaa kwenye stuli na leo atajilowanisha nywele mwenyewe, chupa ameiona hapo diri