Ombi la Kuongezewa Sauti Mbili

Kamachumu, Wilaya ya Bukoba
Alhamisi, 9 Agosti 1951

Ndugu Mhariri,

Kama wewe ni mzee, shikamoo. Kama ni kijana mwenzangu, hiyo shikamoo nirudishie kwa posta inayofuata. Gazeti lako nalisoma sana, ingawa nalisoma nusu nusu, kwa kuwa hapa kwetu hufika likiwa limefungia chumvi. Hata hivyo nusu hizo zimetosha kunionyesha kwamba wewe ni mtu wa haki, hasa katika ile habari ya ng'ombe aliyepelekwa barazani, ambayo mwisho wake ulibaki dukani.

Mimi naitwa Mwijage. Nina miaka kumi na tisa, nimesoma mpaka darasa la nne, na ningeendelea kama mimi na mwalimu tungeelewana. Kinanda cha mdomo nakipiga kuliko mtu yeyote kati ya hapa na Bukoba. Nasema hivyo bila majivuno, maana aliyebisha nilimwambia aje tushindane, na mpaka leo hajaja.

Shida yangu ni hii. Miezi miwili iliyopita niliingizwa katika makondere ya Mkama, yaani mfalme wetu. Wasomaji wako wa mbali waambie kwamba makondere ni pembe ndefu za vibuyu, nazo hapa kwetu ziko kumi na mbili. Kila pembe ina sauti moja tu, na kila mtu ana pembe moja. Wimbo hupita mdomo kwa mdomo kama kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi: huyu anapiga yake ananyamaza, yule anapiga yake ananyamaza, hivyo hivyo mpaka umekamilika. Mimi nimepewa pembe ndogo kuliko zote. Sauti yake ni Pii. Sina nyingine. Mwisho wa mwezi huu Mkama ana karamu, wageni watatoka hata ng'ambo ya mto Kagera, na mimi, Mwijage huyu huyu unayemsoma, nitasimama mbele yao wote niseme Pii.

Kwa hiyo naomba gazeti lako liishauri Serikali itunge sheria kwamba kila mwanamuziki wa Tanganyika awe na sauti zisizopungua tatu. Kama hazikupatikana kabla ya karamu, pembe yao nairudisha, nakwenda zangu Bukoba kupiga dansi, nao watajua wenyewe pa kumpata Mwijage mwingine. Sababu zangu ni hizi:

1. Nimeajiriwa kunyamaza. Nilichukua punje za mahindi nikahesabu. Katika wimbo mmoja napiga mara arobaini, nanyamaza mara mia nne na arobaini. Hesabu nilikuwa nafaulu, muulize mwalimu, hata kama atakujibu kwa hasira. Kuna msichana mmoja, Kemilembe, nilimwalika aje asikie kazi yangu kikale, yaani nyumbani kwa Mkama. Akaja, akasimama mpaka mwisho. Nikamwuliza, umenisikia? Akasema, "Nilikuona umeshika pembe. Nikadhani mwenyewe ametoka kidogo, wewe unamshikia."

2. Pembe hii ilikuwa ya Mzee Kagaruki, ambaye ni kaka wa babu yangu. Aliipiga miaka thelathini na mmoja, akaiacha tu meno ya mbele yalipong'oka. Miaka thelathini na mmoja ya Pii! Amewapigia Wakama wawili, amepiga kwenye mvua, amepiga akiwa na homa. Na unajua watu wanamkumbuka kwa lipi? Siku moja, zamani, zamu yake ilipofika alikohoa. Ndiyo hiyo tu. Mpaka leo mama akitaka kukuambia mtoto wake alizaliwa lini, atasema alizaliwa mwaka ule Kagaruki alipokohoa. Pii zote zile hazikumpa jina, kikohozi kimoja kikampa.

Nilipomweleza kwamba hiyo ni dhuluma, alicheka kwa ufizi akasema, "Ulitaka wakumbuke Pii ipi, waitu? Zote zilikuwa sawa." Nami nikaona hapa nahitaji ushahidi wa watu wengine. Nikadandia lori la kahawa mpaka Bukoba, baada ya kuanzia papa hapa kanisani.

3. Bwana Josia hupiga kinanda cha kanisa la Kilutheri, kile cha kukanyaga kwa miguu. Kina vibao vya kubonyeza sitini na kimoja. Nane vimekufa na panya amekula ngozi ya mfuko wa upepo, bado zinabaki sauti hamsini na tatu za mtu mmoja! Nilimwomba anipunguzie mbili, asingezikosa. Akaanza kunilalamikia yeye. Ati akipiga vizuri, watu wanatoka wakisema mchungaji leo amehubiri. Akikosea kibao kimoja, kanisa zima linageuka kumtazama, pamoja na wale waliokuwa wamelala. Ndugu Mhariri, mimi nilikwenda kulia kwake, nikatoka nimebeba kilio chake juu ya changu.

4. Bwana Umedbhai ana duka la vitambaa na taa pale Bukoba. Jioni akifunga milango huketi chini na kinanda chake kidogo, mkono mmoja unapiga, mwingine unasukuma upepo, na mkewe Bi Anasuya anaimba nyimbo zao za dini. Nilisimama nje ya dirisha nikahesabu: vibao thelathini na saba, na anavyovigusa hasa ni kumi na kimoja. Nikabisha hodi. Nikamwambia kwa adabu kwamba vile ishirini na sita vinavyolala bure vingeweza kumsaidia kijana. Akasema, "Chukua. Lakini vimegundishwa kwenye sanduku, na sanduku limegundishwa kwangu."

Mkewe akacheka, wakanipa chai. Hapo ndipo niliposikia kwamba katika ujana wake, huko kwao, huyu bwana alipiga kinanda miaka minne katika kundi la michezo ya kuigiza, nyuma ya pazia. Watu walilia, walicheka, waliwarushia waigizaji maua. Yeye hata siku moja hawakumwona. Mara moja tu pazia lilianguka kwa bahati mbaya, watu wakamwona, nao wakapiga kelele aondolewe, anawaharibia mchezo. Anasimulia hivyo huku anakoroga sukari, anafurahi! Mimi ningeshtaki.

5. Maulida ni mama wa mjini, mpiga ngoma na mtungaji wa nyimbo za arusi. Mitaa sita ya Bukoba haiozi binti bila yeye. Huyu kwa sauti hana shida, kifua chake kina zote. Shida yake ni kwamba wimbo wake mmoja umetoroka. Siku niliyofika kwake, taniboi wa lile lori letu alikuwa anaupiga mluzi njia nzima. Maulida akamsimamisha, akamwuliza ameupata wapi. Yule kijana akasema ni wimbo wa Mwanza, tena mama alipomwimbia, akamsahihisha mahali alipoukosea! Mwenye wimbo akasahihishwa wimbo wake, barabarani, mchana kweupe.

Nikamwambia, mama, hebu tuandike gazetini pamoja. Akanitazama juu mpaka chini. "Mwanangu, mimi wimbo wangu umeolewa na mji mzima, jina la baba wa bibi arusi hakuna anayeliuliza. Wewe una Pii moja, na hata hiyo bado hujaijua, unataka ndugu zake?" Maneno makali hayo, na mimi nilikuwa mgeni wake.

6. Jogoo wa nyumbani kwetu ana sauti nne. Nimemhesabia asubuhi tatu mfululizo. Hana darasa hata moja.

7. Jumamosi iliyopita, wakati wa mazoezi, niliamua kuwasaidia wenzangu. Kila nilipotakiwa kunyamaza nikawa napuliza kinanda changu cha mdomo, nimekificha nyuma ya pembe. Kwa siri, lakini kwa ustadi. Pembe ya tatu ikaingia mahali pa nne. Ya nne ikaisubiri ya tano. Mwenye pembe ya tano akadhani wimbo umekwisha, akaketi. Wachezaji wawili waliokuwa wakizunguka wakagongana vichwa, mmoja akaangukia mtungi. Wazee hawakunipiga, na ingekuwa afadhali wangenipiga. Mzee Kagaruki aliuliza tu, polepole, "Mwanangu, pale ulipojaza palikuwa pako?" Nikamjibu palikuwa wazi. Akasema, "Na mlango wa jirani ukiwa wazi, ndiyo nyumba yako?" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sasa niambie, Ndugu Mhariri, hilo ni neno la mwanamuziki au la askari?

8. Baada ya ushahidi huo nimeona kwamba jambo hili si langu peke yangu. Nchi nzima ina watu waliojaa sauti wasiojulikana, na watu wenye sauti moja wasiojulikana vilevile, na tofauti kati yao ni kwamba hawa wa kwanza angalau wanajiburudisha. Kwa hiyo Serikali ilete ofisa. Kama tulivyo na Bwana Shamba anayepita kuhesabu migomba yenye ugonjwa, tuletewe na Bwana Sauti. Apite nyumba hadi nyumba na kitabu chake. Mwenye vibao hamsini na tatu aandikwe. Mwenye thelathini na saba aandikwe, hata kama ametoa chai. Jogoo naye aandikwe. Kila sauti inayozidi mahitaji ya mwenyewe igawiwe kwa asiyenayo, kwanza wapiga pembe, na miongoni mwa wapiga pembe kwanza mwenye pembe ndogo, ambaye kwa bahati ni mimi.

Tena Bwana Sauti ahesabu na kunyamaza. Ni kazi. Asiyeamini aje asimame na pembe mdomoni, mbu wawili sikioni, ahesabu pembe kumi na moja, na asijikune. Na kama Serikali itasema haina nafasi kwa mambo ya Pii, basi Mkama mwenyewe siku ya karamu aipige yeye, mimi niketi kwenye kiti chake nisikilize kama kweli inatosha. Hilo la mwisho, Ndugu Mhariri, ukiona ni zito lipunguze kidogo, lakini usilitoe lote.

Nina hakika utaichapisha barua hii ukurasa wa mbele, na jina langu kwa herufi kubwa, ili hata wakifungia chumvi libaki upande wa nje. Unisalimie mkeo na watoto, na wapangaji wa herufi, na yule anayechora picha za matangazo ya tumbaku. Wasalimie wote wa Mwanza, hata yule anayedai wimbo wa Maulida ni wa kwao. Bwana Josia anakusalimu, Bwana Umedbhai na Bi Anasuya wanakusalimu, Mzee Kagaruki anakusalimu ingawa hajui kama nakuandikia. Kahawa inaendelea vizuri. Senene bado, tukiwapata nitakuwekea.

Ni mimi ninayengoja jibu lako kwa masikio yote mawili,

MWIJAGE
Mpiga Kinanda cha Mdomo, na kwa muda tu, Mpiga Pembe

Nyongeza, Jumapili jioni. Barua hii nilikwisha kuilamba gundi, nikaifungua tena kwa mvuke wa sufuria, kwa hiyo usishangae kuiona imekunjamana. Jana sikwenda mazoezini, kwa makusudi, ili waone. Nilijificha migombani nyuma ya kikale nisikie wimbo utakavyoanguka. Wakaanza. Zamu yangu ilipofika pakawa na shimo, nami nikafurahi sana. Mara ya pili, shimo. Mara ya tatu mdomo wangu ukajisemea wenyewe, Pii, huko huko migombani, nikauziba kwa mkono. Mara ya nne Pii ikasikika, na safari hii haikuwa yangu.

Nikachungulia. Alikuwa Bibi Kokushubila, mke wa Mzee Kagaruki, ameketi chini na rundo la ndizi anamenya. Kila zamu ilipofika alisema Pii kwa mdomo, bila kuinua macho, bila kusimamisha kisu, na wimbo ukapita juu yake kama maji juu ya jiwe. Miaka thelathini na mmoja amekuwa akimsikia mumewe, na hakuna aliyemwuliza kama anaijua. Wazee wakafurahi, mmoja akasema, "Basi, Mwijage aende Bukoba salama."

Ndugu Mhariri, jinsi nilivyotoka migombani siijui. Najua tu kwamba niliikuta pembe yangu imeegemezwa ukutani, nikaiwahi zamu iliyofuata nikiwa bado nahema, na nilipopiga niliisikia Pii ikikaa mahali pake katikati ya wenzake kumi na mmoja, na mwili wote ukanisisimka hadi nyayo. Kunyamaza kulikofuata sikuona kama ni kurefu.

Kwa hiyo tafadhali usiichapishe. Au kama umekwisha kuipanga, kila palipoandikwa tatu pasomeke moja, na Bwana Sauti akitumwa huku, jambo la kwanza aandike kitabuni kwamba Pii ya makondere ya Kamachumu ina mwenyewe, wala haigawanywi. Zaidi sina nafasi ya kuandika. Bibi Kokushubila amenichukua anifundishe mahali pa kuingia, maana anasema nachelewa, si sana, unywele tu. Na amenionya mbele ya wazee wote kwamba nikikosa tena Jumamosi tutabadilishana: yeye ashike pembe, mimi nishike kisu.