Ombi la Kuwazuia Shakwe Wachanga Kubadili Manyoya Kabla ya Jumamosi

Kwa Shangazi,
Mwenyekiti wa Chama cha Watazama Ndege,
Chumba cha pili, mkono wa kulia.

Shangazi mpendwa na Mwenyekiti mheshimiwa,

Shikamoo. Najua uko jikoni, nasikia unavyogombana na kifuniko cha sufuria. Lakini mambo mengine ulimi wangu hauyawezi, nimeyakabidhi kalamu.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Kila unaponipa darubini na kuniuliza, "Umeona tofauti, mwanangu?" nami nikajibu, "Nimeona, shangazi," huwa nimeona ndege wa kahawia, basi. Naitikia kwa kichwa kwa adabu, wewe unadhani ni elimu. Na sasa umetangaza kwamba Jumamosi nitasimama juu ya paa la kliniki yako ya meno niwafundishe wanachama kutofautisha aina za shakwe wachanga, ndege hao wa pwani. Mimi, ambaye nikiitwa jina darasani hutamani dawati linimeze!

Kwa hiyo nawasilisha malalamiko, si dhidi yako, bali dhidi ya shakwe wenyewe.

1. Majina yao ni ulaghai. Tuna aina kama Mgongo-mweusi na Mgongo-kijivu, na mwenye akili timamu atatazama mgongo. Lakini watoto wao hawana mgongo mweusi wala wa kijivu. Wote wana madoadoa kama waliolala juu ya majani ya chai, na wanaweza kufika mwaka wa nne kabla ya kufanana na majina yao.

2. Kitabu chetu kimeandikwa kwa lugha ya shule, ambayo ina kahawia za kila namna. Nikizileta nyumbani kwa Kiswahili zinageuka chai ya rangi, chai ya maziwa na chai iliyolala. Nitasikika kama mhudumu wa mgahawa.

3. Wanadondosha manyoya bila taarifa. Ulinifundisha kwamba Mgongo-kijivu mchanga akikunjua bawa, huonekana sehemu iliyopauka kama dirisha, na Mgongo-mweusi hana. Wiki iliyopita nikaona dirisha, nikasema. Yule mwanachama mpiga picha za pasipoti akatazama, akaniambia, "Binti, hapo manyoya yamedondoka. Unachoona ni wingu." Paa zima likacheka. Wewe unayeziba mapengo ya watu kutwa nzima, ulikaaje kimya?

4. Hili ndilo linaloniuma. Wale watatu nilioripoti msimu huu juu ya kiwanda cha barafu, yule mweusimweusi, yule aliyepauka na yule mwenye mabega ya kijivu, wote wanachechemea mguu wa kushoto. Binamu aliniuliza, "Ukoo mzima uligongwa na baiskeli?" Ndipo nikaelewa. Ni mmoja, shangazi. Kapauka kwa jua, kanyonyoka, kaota mapya, nami nikampa aina tatu, nawe kwa sifa hiyo ukanipa Jumamosi.

Kwa sababu hizo naomba shakwe wachanga waamriwe kubaki na manyoya waliyonayo. Ikishindikana, wavae sare kama sisi wanafunzi, kila aina na rangi yake. Ikishindikana, wafungiwe kisiwani hadi wakue. Na ikishindikana kabisa, nifungiwe mimi.

Nisalimie wanachama wote, mpiga picha awe wa mwisho.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, yule asiyesema.

Nyongeza: Nilipofungua dirisha nipate hewa, kwenye tangi la jirani alikuwa ametua shakwe mchanga, mgeni kabisa. Binamu, aliyekuwa uani akianika nguo, akasema kwa ujuaji wake, "Mgongo-kijivu huyo, mchezo umeisha." Shangazi, sijui nini kilinipanda. Nikamwambia atazame vizuri: bawa zima ni jeusi, halijapungukiwa unyoya, mkanda wa mkiani ni mpana, na mabegani yameanza kuchomoza manyoya meusi mapya. Mgongo-mweusi! Akabisha. Nikarudia, mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi na fundi redio wa mtaani akauliza nani kaibiwa. Nikawaeleza na wao. Jirani akasema, "Ee, kumbe! Mabegani pale!" Kwa hiyo hayo yote niliyoomba hapo juu nayafuta. Jumamosi niwekee glasi ya maji tu.

Nasikia kandambili zako koridoni. Barua hii nilikuwa nimeifunika kwa daftari la hesabu, nimeliondoa. Utaisoma baadaye. Njoo dirishani kwanza, hajaruka bado.