Kinachovaliwa Hakitozwi

Jumatatu, 4 Novemba

Ruangwa. Bosi wangu, Bwana Kornel, amepiga simu kutoka Nachingwea kabla hata sijafungua dirisha la ofisi. Ndege yetu ya Jumamosi kutoka huko kwenda Dar es Salaam ina viti kumi na viwili. Nimeuza kimoja, na mnunuzi wake ameanza kuuliza kama anaweza kukirudisha. Bwana Kornel amesema kwa upole (akiwa mpole naogopa zaidi) kwamba kipindi changu cha matazamio kinaisha siku hiyohiyo. Ndege ikijaa, nimeajiriwa. Isipojaa, nirudi kwa mama yangu kijijini Likunja nikapalilie mikorosho.

Mikorosho ina majimoto, wale chungu wekundu. Majimoto wananijua.

Inauma, maana mimi ndiye mtu pekee mtaani hapa anayeielewa biashara hii. Chuoni niliandika insha ndefu kuhusu anga huria. Zamani serikali ndiyo iliyopanga nani aruke, aende wapi, kwa nauli gani. Masharti yakalegezwa: mwenye ndege na aruke, mwenye bei na aitaje. Mashirika yanashindana, nauli zinashuka, mwananchi anafaidi. Mwalimu alinipa alama ya juu. Lakini hakuna kitabu hata kimoja kilichomtaja Saada.

Saada ni wakala wa shirika jingine. Mlango wake unatazamana na wangu, ng'ambo ya barabara. Tulisoma darasa moja. Leo ametundika kibao: nauli yao iko chini ya yetu. Akanipungia mkono. Nikaingia chini ya meza, nikasingizia kutafuta kalamu.

Jumanne, 5 Novemba

Vita! Asubuhi nimeshusha nauli. Saada akashusha. Nikashusha tena. Akashusha huku anakula andazi, bila hata kuniangalia. Kufikia alasiri, kwenda Dar kwa ndege kulikuwa rahisi kuliko kwa basi. Wapiga debe wa stendi walikuja kututazama, nyuso kama za wafiwa.

Mwananchi anafaidi! Ila mwananchi hakununua. Alisimama kivulini akingoja ishuke zaidi. Mzee mmoja ameniambia atarudi ikiwa bure.

Bwana Kornel akapiga. Akauliza kama nimegundua mto unaotiririsha mafuta ya ndege. Nikaanza kumweleza nadharia. Akataka kujua nadharia inatumia lita ngapi kwa saa.

Jioni nikapata dawa. Nauli ibaki chini, lakini vingine vyote vitozwe kando: begi, maji ya kunywa, kiti cha dirishani, kiti cha kukaa na mwenzako. Bwana Kornel amekubali. Saada amevuka barabara, akalisoma tangazo langu kwa sauti ili watu wasikie, kisha akauliza: "Na pumzi je, kaka Harithi? Ya kuvuta na ya kutoa bei moja?"

Barabara nzima ilicheka. Hata yule mnunuzi wangu mmoja.

Jumatano, 6 Novemba

Neema! Bi Hajra wa kijiji cha Nandagala amefika na akina mama wa ukoo wake. Wamejaza benchi, kizingiti na ngazi. Mjukuu wake Sofia amejifungua huko Dar, arobaini ya mtoto ni Jumapili, na wanataka kufika Jumamosi. Nikawahesabu kwa macho. Ukiwajumlisha na yule mnunuzi wangu, ndege imejaa! Kwa furaha nikaandika jina langu kwenye tiketi ya Bi Hajra.

Halafu akauliza habari za mizigo. Kuna unga wa mtama wa uji wa mzazi. Kuna korosho. Kuna ufuta. Kuna jogoo wa supu. Nikamsomea viwango vyetu vya mizigo, kwa sauti ndogo. Bi Hajra akasema mtu haendi kumwona mzazi mikono mitupu, labda awe hana kwao. Akasimama. Wote wakasimama. Macho yao yakaelekea ng'ambo, ambako Saada alikuwa ameshaanza kupangusa viti.

Sijui nini kilinipata. Nilisikia sauti ikisema kwamba shirika letu linatoza begi tu, kinachovaliwa hakitozwi. Ilikuwa sauti yangu.

Bi Hajra akanitazama kama mtu aliyeamkiwa na mbuzi. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniita mjukuu wake. Akawaambia wenzake kwamba kumbe ada za shule hazipotei bure.

Viti vyote vimeuzwa. Vyote!

Alhamisi, 7 Novemba

Fundi cherehani wa sokoni hapokei kazi nyingine. Anashona mifuko ndani ya makoti. Makoti, mwezi wa Novemba! Saada ameuliza kwa nini wanawake wa Nandagala wanagombania makoti ya mitumba. Nikamjibu kwamba huko angani kuna baridi.

Kosa. Alasiri ametundika kibao kipya: NDEGE YETU INA JOTO. Ameuza viti vingi.

Ijumaa, 8 Novemba

Bwana Kornel amenisifu. Sijazoea. Kesho atakuja uwanjani mwenyewe kushuhudia. Amesema atakuja na barua yangu ya ajira.

Jumamosi, 9 Novemba

Nachingwea. Nitaandika kwa utulivu.

Nusu ya Nandagala ilikuja kusindikiza, vigelegele mpaka uwanjani. Akina mama walishuka kwenye gari kiubavu, maana kwa mbele hawakupita mlangoni. Bi Hajra, ambaye ningeweza kumbeba mgongoni bila kutoka jasho, alikuwa na upana wa kabati. Walitembea polepole, na kila hatua ilitoa mlio wa korosho ndani ya ungo. Mikononi hawakuwa na hata kipochi. Bwana Kornel akaninong'oneza kwamba watu wa huku wana afya nzuri sana.

Ndipo rubani akaleta mizani.

Si mizani ya mabegi. Ya watu! Insha yangu ilihusu ndege kubwa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ndege ndogo humpima abiria mwenyewe, na nguo zake, na vyote alivyobeba. Nami ningejulia wapi? Sijawahi kupanda ndege. Naogopa urefu.

Bi Hajra akapanda. Rubani akaipiga mizani teke, akidhani imeharibika. Akamwomba bibi ashuke, apande tena. Wakati anapanda, jogoo akawika, kutoka kifuani mwake. Bi Hajra akasema ni simu yake inaita. Rubani akamwambia apokee.

Baada ya kuwapima wote, rubani alipiga hesabu, akavua kofia, akatangaza kwamba nusu ya uzito ule itabaki chini, iwe watu au vitu, kwa sababu yeye ana watoto. Nikawasihi akina mama wavue makoti. Nikawaahidi vitu vitawafuata kwa basi. Bi Hajra akawageukia wenzake, wakashauriana kwa Kimwera. Mimi ni mtoto wa Likunja, nilielewa kila neno, ndiyo maana nilianza kulia kabla hawajamaliza. Vitu vitapanda ndege. Watu watapanda basi. Mgeni akichelewa atasamehewa, lakini uji ukichelewa mzazi anakosa maziwa.

Wakavua. Mtama ukafungwa mkanda dirishani. Ufuta ukakaa nyuma yake. Korosho zikachukua viti vya mbele. Bi Hajra akapanda kuvisimamia, pamoja na yule mnunuzi wangu wa kwanza, ambaye alipewa jogoo ampakate. Wengine wote walidai nauli zao hapohapo, na wakarudishiwa hapohapo, wakiimba.

Nikamwambia Bwana Kornel kwamba, ukitazama kwa makini, hakuna kiti kilichokwenda wazi. Akanijibu kwamba mtama haukati tiketi. Alisema kwa upole. Barua ikarudi mfukoni.

Upande wa pili wa uwanja, abiria wa Saada walikuwa wanangoja tangu asubuhi. Ndege yao haikuja kabisa. Shirika limeipeleka kwenye njia ya watalii, inakolipa zaidi. Nilitaka kumcheka. Aliponitazama nikajifanya nakohoa.

Jumapili, 10 Novemba

Nimefukuzwa rasmi. Lakini mchana habari imekuja: shirika la Saada limelinunua letu. Yamekuwa shirika moja. Na hilo shirika moja halitatua tena Nachingwea, kwa kuwa huku hakuna faida. Bwana Kornel naye hana kazi. Saada pia. Nilimkuta anang'oa kibao chake kwa bisibisi. Akasema, "Kaka Harithi, tumeshindana mpaka tumekwisha." Nikamwambia ajipe moyo, nauli haijawahi kuwa chini namna hii. Akaniuliza nauli ya ndege gani.

Bi Hajra amepiga kutoka Dar. Wenzake wamefika salama, mzazi anakunywa uji, mtoto mnene. Akauliza ndege ya kuwarudisha ni lini. Mtandao ukasumbua. Yaani, nilizima simu.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimepata kazi! Bi Felomena, mwenye basi moja la Ruangwa kwenda Dar, alikuwa anatafuta karani. Aliniuliza kama nina uzoefu. Nikamjibu kwamba nimesimamia njia ya ndege mpaka mwisho wake. Akapendezwa. Nipo kwenye matazamio hadi Krismasi.

Hali ya soko: tangu ndege ziondoke, mabasi yote yamepandisha nauli. Karani wa kawaida angepandisha pia, akala Krismasi kwa raha. Lakini mimi nimesoma! Nitashusha. Nitashusha hadi chini ya gharama ya dizeli, kwa muda tu, mpaka wengine wote wafunge. Hasara nitaifidia kwa kutoza dirisha, kiti cha mbele na kusimama kuchimba dawa vichakani.

Mama amenisikiliza mpaka mwisho, jembe begani. Kisha akauliza: wenzenu wakifunga, na nyinyi mkifunga, yeye ataendaje hospitali Dar?

Mama hakusoma uchumi. Kesho asubuhi nashusha nauli.