Milioni Thelathini na Moja Juu ya Kikomo

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi mbaya. Ligi imeleta hesabu. Timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, Korongo wa Toledo, imezidi kikomo cha mishahara kwa dola milioni thelathini na moja. Kikomo ni kimoja kwa timu zote. Jumatano ya wiki ijayo, saa kumi jioni, mwaka mpya wa ligi unaanza. Atakayekutwa bado amezidi atatozwa faini na kunyang'anywa nafasi zake za kuchagua wachezaji chipukizi. Na meneja wake wa mikataba atatafuta kazi ya kuuza magari. Meneja wa mikataba ni mimi, Norbert Stachura.

Bi Haverfield, mmiliki wa timu, aliniita akaniuliza tumefikaje hapa. Nikamjibu kwamba wachezaji wamepanda bei nchi nzima.

Mbona jambo lenyewe ni rahisi. Mchezaji anataka milioni ishirini, huna nafasi. Unampa hizo hizo, ila unaziita bonasi ya kusaini, na ligi inakuruhusu kuzihesabu kidogo kidogo kwenye miaka ya mbele. Mwaka huu unabaki mwembamba kama mwanamitindo. Nimefanya hivyo misimu minne na magazeti yaliniita mchawi. Sasa miaka ya mbele imefika yote kwa pamoja, na wale walioniita mchawi wanauliza nani alinipa kazi.

Kuna huyu Maren Fitch, msaidizi wangu mpya, katoka kampuni ya bima kule Cleveland. Leo watu wanakula maandazi ya Kipolandi kabla ya Kwaresima. Kamletea Bi Haverfield boksi zima. Mimi kaniletea moja, la jamu ya plamu. Babu zangu ndio walioleta maandazi haya mjini, halafu mimi napewa moja. Mtu anayetaka kiti chako huanza na vitu vidogo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa. Dawa inaitwa Cortland Mabry.

Mabry ndiye mrusha mpira wetu, mchezaji ambaye kila shambulizi linaanzia mkononi mwake. Ana miaka thelathini na tano na mji mzima unampenda. Peke yake anameza karibu robo ya kikomo. Kumfukuza hakusaidii, kwa sababu bonasi zote alizokwisha kula zingetuangukia mwaka huu kwa mpigo. Tungemlipia kikomo huku yeye yuko kwake anakata majani. Kwa hiyo lazima akubali mwenyewe kupunguziwa. Na mtu hukubali kupunguziwa akiogopa kwamba hatakiwi.

Nitamwogopesha. Maren aliniuliza kama ningependa kuona mpango wake. Nikamwambia niko bize. Mpango wa mtu kama huyo huusomi, unauchunguza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepiga simu redioni, kipindi cha mashabiki, saa ya chakula cha mchana. Nilibana pua na kujiita Ted wa Perrysburg. Nikasema Mabry amezeeka, mkono umelegea, na kama ana moyo apunguze mshahara.

Waliofuata kupiga wote walimtetea. Fundi bomba mmoja alisema Mabry alikuja kwenye mazishi ya mama yake, akakaa mpaka mwisho. Mwalimu mmoja alilia hewani. Mwingine alitaka kujua Ted anaishi mtaa gani. Saa nzima ilikwisha hivyo, na thamani ya Mabry ikapanda mbele ya masikio yangu.

Nikarudi ofisini, Bi Haverfield akanisimamisha kwenye korido.

"Umemsikia huyo Ted?"

Nikasema sisikilizi redio.

"Mpumbavu wa mwaka. Sasa hata nikitaka kumgusa Mabry, watu watanichomea nyumba."

Maren alikuwa pembeni anakunywa kahawa. Akasema Ted ana sauti kama ya Bwana Stachura akiwa na mafua. Akatabasamu. Amejuaje? Nashuku ana jamaa redioni.

Nyumbani, Joanne, mke wangu, hakuzunguka. "Norb, ukibana pua unakuwa wewe yule yule, ila umebana pua."

Jumamosi, 8 Machi

Nimegundua kitu kikubwa. Nilikuwa napita na gari kando ya Mto Maumee. Msimu huu samaki wanapanda mto na nusu ya wanaume wa mji wamesimama majini na suruali za mpira zinazofika kifuani. Mabry alikuwa miongoni mwao. Na ukingoni, juu ya kigogo, Maren Fitch, anamwelekeza jambo kwa vidole. Mabry anatikisa kichwa. Wanacheka.

Msaidizi wangu na mchezaji wangu ghali kuliko wote, bila mimi. Hiyo ni njama. Pengine anamwahidi nyongeza ili mimi nizame zaidi. Nikamuuliza jirani kama ana suruali ya mpira ya kuazima. Anayo, ila ni ya mtu mnene.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa chini ya mablanketi.

Niliingia mtoni mapema, kofia hadi kwenye nyusi, fimbo ya kuvulia mkononi bila ndoano. Maren na Mabry walikuwa pale pale pa jana, nami nilitaka kusogea tu mpaka niwasikie. Nikasikia Maren akisema jina langu. Nikasogea tena. Jiwe likateleza.

Suruali ya mtu mnene ikishaingia maji haikuachii. Mto ulinibeba kama gunia, miguu mbele. Nilifikiri juu ya Joanne. Nikafikiri pia juu ya kikomo, nikaona aibu kidogo, nikaendelea kwenda. Halafu mkono ukanishika kamba ya begani na kuniburuta mpaka kwenye changarawe. Mabry.

"Mzee Norb," akasema, anahema. "Unatafuta nini huku?"

Nikasema nimekuja kuvua.

Akaiangalia fimbo yangu. "Na ndoano?"

Nikasema natumia njia ya zamani.

Akavua koti lake akanifunika, akanisukumia chai kutoka kwenye chupa yake. Hakucheka, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi. Tena nimekumbuka jambo: alinivuta kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia, ule wa mamilioni, aliuweka mbali na hatari. Hata wakati wa kuniokoa mtu huyu anapiga hesabu.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao kwa Bi Haverfield. Nilijua ni hukumu. Mabry alikuwepo, bila wakala wake. Maren alikuwepo. Mimi nilikuwa na homa na leso.

Mabry ndiye aliyeanza. Alisema alikuwa amemwomba Maren amweleweshe hesabu, kwa sababu amesikia tutawaachia walinzi wake wa mbele, wale majitu wanaosimama kati yake na watu wanaotaka kumvunja mbavu.

"Hollis Brandt ana watoto watatu na goti bovu," akasema. "Amenilinda miaka tisa. Mkimwacha sasa hakuna atakayemchukua. Nipunguzieni mimi. Ila Hollis na wenzake wabaki."

Bi Haverfield alimuuliza kama amefikiri vizuri. Akasema amefikiri akiwa mtoni, ndiko anakofikiri.

Kisha Maren akaeleza mengine. Tuwaachie wakongwe wawili wanaokaa benchi na tubebe maumivu ya bonasi zao mwaka huu huu. Tusinunue jina kubwa. Tutafungwa sana msimu mmoja, pengine miwili, kisha tutakuwa safi. Na kuanzia leo hakuna kusukuma hata senti kwenye miaka ya mbele.

Bi Haverfield akanigeukia. Nilisubiri anifukuze. Maren akasema kwamba hakuna anayeijua mikataba hii kama Bwana Stachura, na kwamba atahitajika ili kuifumua. Alisema hivyo mbele yangu, kwa sauti ya kawaida. Sijawahi kutetewa na mtu anayenipindua. Ni mbinu ya hali ya juu.

Jumatano, 12 Machi

Tumefanya kazi siku mbili, mimi na Maren, meza moja. Wakongwe wawili niliwapigia simu mwenyewe. Mmoja alinishukuru, mwingine alikata simu kabla sijamaliza pole. Mabry alisaini akiwa amesimama. Hollis Brandt alikuja mlangoni, akajaza mlango wote, akamkumbatia Mabry. Nilitazama dirishani. Mafua.

Saa tisa na nusu ligi ilithibitisha. Tuko chini ya kikomo, na nafasi kidogo imebaki. Bi Haverfield alitoa mvinyo. Akainua glasi kwa Maren, kwa Mabry, halafu, baada ya kufikiri, kwangu.

Nikimwambia Joanne usiku huu kwamba Ted wa Perrysburg ndiye aliyemlainisha Mabry, atabisha. Lakini mfuatano wa matukio unaonekana wazi.

Ijumaa, 14 Machi

Maren kaenda Cleveland kwa dada yake hadi Jumanne. Ofisi tulivu. Akaniachia ujumbe: kazi nzuri, pumzika. Kwa nini nipumzike? Anataka nisiwepo wakati gani?

Mchana akapiga simu wakala mmoja wa Baltimore. Ana mdakaji pasi mzuri, mwepesi bado, miaka thelathini na nne, anaomba milioni kumi na nane. Nikamwambia nafasi tuliyonayo ni milioni mbili. Akauliza kama yule mchawi bado anafanya kazi Toledo.

Nimemwambia mwaka huu tutahesabu milioni mbili, na zilizobaki tutaziita bonasi, zikae mwaka wa tano. Kufikia mwaka wa tano Maren atakuwa amekwisha chukua kiti changu. Basi na azikute hapo.