Madebe Tisini ya Ulanzi

Jumatatu, 29 Machi 1954
Zimebaki siku mbili. Damari, mjane wa marehemu Isakwisa, aliniwekea rehani nyumba yake ya hapa Mlandege, pamoja na mianzi ya nyuma, kwa shilingi mia na hamsini. Karatasi inasema alipe mwisho wa Machi. Asipolipa, yangu. Karatasi niliitunga mwenyewe, mimi Ambrosi. Darasa la pili tu, lakini akili ya hakimu! Yeye na wanawe wanalala jikoni kwa kaka yake. Ufunguo ninao mimi. Mianzi nagema mimi, tangu mvua za kwanza. Ulanzi, pombe ya mianzi, madebe tisini!

Jumatano, 31 Machi
Habari mbaya. Damari ameuza cherehani ya marehemu. Fedha anazo. Mpango: asiyeonekana halipwi. Asubuhi nimeingia ndani ya kihenge, juu ya mahindi. Mke wangu Yudith nimemwagiza aseme nimekwenda Igowole. Amesema, kama mtu anayemeza shubiri.

Damari akakaa chini ya kihenge kutwa nzima, akimsaidia Yudith kupukuchua mahindi. Vumbi! Nikakohoa. Kupukuchua kukasimama. Jua likizama akainuka, akakigeukia kihenge, akasema taratibu, "Kamwene, mzee. Fedha hizi hapa."

Tangu nizaliwe sijaacha kuitikia salamu ya mtu. Leo nimeiacha. Kutoka nikashindwa. Yudith amenitoa kwa kupasua ubavu wa kihenge.

Alhamisi, 1 Aprili
Nyumba yangu! Nimetembea vyumba vyote viwili. Ukutani kuna alama za mkaa, kimo cha watoto wake mwaka hadi mwaka. Nitapaka chokaa. Leo sikupaka. Chokaa ghali.

Jumanne, 6 Aprili
Damari amenishtaki kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. Nimekwenda na shajara hii, ushahidi wa tarehe. Bwana Shauri akafungua kitabu kinene, karani Philbert akatafsiri. Ati kwa sheria ya Kiingereza rehani ni rehani tu, karatasi iseme inavyosema. Siku ikipita, mwenye nyumba bado ana haki ya kuikomboa. Na mkopeshaji akiishika mali, alichovuna humo kinapunguza deni.

Nikacheka kidogo. Philbert akaanza kusoma shajara yangu kwa sauti. Akasoma mpaka habari za kihenge. Watu wakaangua kicheko. Damari hakucheka. Aliinamisha kichwa.

Philbert akaniuliza, "Mzee, ni kweli madebe tisini?"

Kweli yenyewe ni hamsini. Ningesema hamsini, Damari angebaki anadaiwa shilingi hamsini. Lakini mabenchi yamejaa wagema wenzangu. Jailos wa Igowole ananitazama, mdomo upande.

Nikajibu, "Tisini na zaidi."

Kila debe shilingi mbili. Mia na themanini. Deni limekufa, na mimi ndiye nadaiwa thelathini.

Jumatano, 7 Aprili
Nimeuza mbuzi. Nimempelekea Damari ufunguo na shilingi zake thelathini. Alipofungua nyumba, watoto wakajipima ukutani, wameshazidi alama za zamani. Damari akaniambia, "Kamwene, mzee." Safari hii nimeitika.

Njiani nimekutana na Jailos. Anataka shilingi mia, rehani mianzi yake ya Igowole. Karatasi nitaitunga mimi. Yudith anasuka upya kihenge. Nimemwambia aache nafasi ya kukaa. Mianzi ya Jailos sijaiona, lakini mavuno nimeshayaandika: madebe mia mbili!