Kiraho cha Papai na Taa ya Kivuva

Jumatatu, 9 Agosti 1965. Tiwi.

Nimeandikiwa barua na wakili! Mimi, Mangi wa Garama, mwenye gari pekee katika mtaa huu! Barua imetoka Mombasa, karatasi nene, muhuri mwekundu. Wakili Rai anadai kwamba nilirudi nyuma bila kutazama pale dukani, nikaigonga pikapu ya Kivuva, yule Mkamba anayeleta mbuzi kutoka Samburu. Taa ya mbele imevunjika. Beberu mmoja alishtuka, akaruka chini, akatokomea upande wa Diani, na hajaonekana tena. Nilipe taa, nilipe na beberu. Nisipojibu, shauri litakwenda mahakamani na gari langu huenda likakamatwa.

Uzushi mtupu. Sikugonga. Gari langu liliegemea kidogo. Na huyo beberu hakufukuzwa na mtu, aliondoka kwa hiari yake. Uhuru tumepata sote.

Sidi, mke wangu, hakucheka. Aliniuliza gari likichukuliwa, mama yake atafikaje hospitali ya Msambweni kila Alhamisi na miguu ile. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kichwa changu kinafanya kazi. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Jumanne, 10 Agosti.

Nimevuka kwenda Mombasa kumjibu wakili ana kwa ana. Maneno niliyapanga vizuri nikiwa kwenye feri. Nikamweleza kwamba siku ile gari lilikuwa bovu, halikutoka nyumbani kabisa. Akaandika. Nikaongeza, ili kukazia, kwamba isitoshe Kivuva hakupiga honi nilipokuwa ninarudi nyuma. Akaacha kuandika. Akavua miwani, akaifuta.

Hapo ndipo akili iliponijia. Nikamwambia sisi watu wa huku tuna mahakama yetu. Tutakwenda kwa Mzee Chome, mganga, tule kiraho cha papai. Chome husomea kipande cha papai, wenye kesi wakaapa na kula. Mwenye haki humeza akaenda zake. Mwenye kosa hukabwa koo mpaka akiri mbele za watu. Asiyetaka kula, huyo ameshindwa papo hapo.

Ujanja wenyewe ni huu: Kivuva ni mtu wa kanisa, tena anaimba kwaya. Hawezi kula papai la mganga hata kwa dawa. Atakataa, na kesi imekwisha. Wakili akasema atampelekea mteja wake habari. Nilirudi nyumbani ninapiga mbinja.

Jumatano, 11 Agosti.

Kivuva amekubali!

Alikuja mwenyewe asubuhi, akapiga hodi kwa adabu, akamwamkia mama mkwe shikamoo, akakaa akanywa chai yangu. Nikamkumbusha kwamba yeye ni Mkristo. Akasema amekwisha kumwuliza mchungaji, na mchungaji amesema papai ni papai. Nikamwambia watu wamewahi kukabwa mpaka macho yakawatoka. Akatia sukari.

"Mimi papai ninalipenda, Bwana Mangi," alisema. "Na taa yangu ilivunjika."

Kiraho ni Jumamosi. Wakili Rai naye atakuja, eti hajapata kuona kesi inayoamuliwa na tunda. Chai yangu sikuimaliza. Si kwamba nina kosa. Lakini papai halitaki maelezo. Papai halitaelewa kwamba gari liliegemea tu.

Alhamisi, 12 Agosti.

Nimempeleka mama mkwe Msambweni. Niseme wazi: siku ya tukio alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Hajatamka neno juu ya jambo hili, nami siwezi kumwuliza, mtu na mkwewe. Leo tulipopita Ukunda alimwambia Sidi, kana kwamba mimi ni usukani, kwamba shingo inamwuma tangu siku ile ya dukani. Sidi akamwambia pole mama. Nilitazama mbele.

Jioni nimeanza mazoezi. Koo ni kama mguu, likizoezwa huzoea. Nimemeza vipande vya papai bila kutafuna, vidogo, kisha vikubwa. Nimemaliza mapapai manne. Sidi aliuliza ninafanya nini. Nikamwambia daktari ameshauri.

Ijumaa, 13 Agosti.

Tumbo! Nimeshinda chooni mpaka saa ya adhuhuri. Sitaki kulisikia hata jina lake tunda lile. Harufu yake tu inanitia kichefuchefu.

Nimepata njia bora. Mafuta ya nazi! Nikinywa kikombe kizima kesho asubuhi, koo litakuwa laini na kipande kitapita chenyewe. Hata mganga hawezi kukaba kitu kinachoteleza. Wazee wetu wamekula kiraho miaka yote hiyo na hakuna aliyewaza hili. Mimi nimewaza.

Jumamosi, 14 Agosti.

Sijui nianzie wapi.

Ua wa Chome ulijaa mpaka watoto wakapanda paa la banda la kuku. Wakili Rai alikuja na gari jipya, rangi ya maziwa, akaliegesha nyuma ya langu. Alipewa kiti. Kikombe changu cha mafuta nilikuwa nimekimaliza asubuhi.

Kivuva alianza. Aliapa kwamba taa yake ilivunjwa na gari langu, akatafuna, akameza, akaomba kipande kingine. Chome akamwambia hii si karamu.

Ikawa zamu yangu. Chome akainua kipande, akaanza kukisomea. Upepo ukaniletea harufu. Baada ya wiki niliyopitia! Mafuta yakapanda. Nikajikaza kuyarudisha, yakashika njia isiyo yao. Nikapaliwa, nikakohoa, pumzi ikakata, macho yakanitoka. Na papai bado liko mkononi mwa Chome, halijanigusa hata mdomo.

Nilidhani ninakufa, wallahi. Ndipo mama mkwe akainuka na miguu yake ile, akaja, akanipiga mgongoni kwa kofi la nguvu. Mkwe! Mbele za watu! Pumzi ikarudi, pamoja na aibu ya maisha yangu yote.

Chome akakiweka kipande chini polepole.

"Tangu nirithi kazi hii kwa baba," alisema, "sijaona kiraho kikimshika mtu kabla hajala."

Nilitaka kueleza habari ya mafuta. Lakini hebu mtu aanze kueleza habari ile mbele ya Tiwi nzima. Nikakiri.

Kivuva hakunitesa. Alisema kesi ya mahakamani haina haja tena. Taa moja ya gari langu ikang'olewa pale pale akapewa, na badala ya beberu atachukua mbuzi mmoja wa Sidi. Gari linabaki. Mama mkwe atafika Msambweni. Ninaandika hapa ambapo hakuna asomaye: nilifurahi karibu nilie. Sidi hakunitazama. Mbuzi yule alikuwa kipenzi chake.

Nikawapakia Sidi na mama yake, nikaingia kwa hasira, nikatia gia ya nyuma, tuondoke upesi mbele ya macho yale.

Kulikuwa na mlio. Mdogo tu.

Alhamisi, 19 Agosti.

Barua nyingine! Karatasi nene, muhuri mwekundu. Wakili Rai tena, ila safari hii mteja ni yeye mwenyewe. Eti nimemvunjia taa zote mbili na kumkunjia boneti ya gari ambalo halijamaliza mwezi. Nisipojibu, mahakamani, na gari likamatwe.

Uzushi mtupu. Sikugonga. Gari langu liliegemea kidogo, na yeye ndiye aliyeegesha mahali ambapo watu wanarudi nyuma.

Sidi ameuliza tena habari ya mama yake na Msambweni. Mama mkwe yuko barazani, ameshika shingo, anaangalia baharini, si upande wangu.

Nimekwisha kumjibu wakili. Nimemwambia tusisumbue mahakama, twende kwa Chome tukale papai. Msomi yule, mtu wa mjini, mwenye tai, hathubutu hata kidogo. Atakataa, na kesi imekwisha.

Sidi ameficha chupa ya mafuta ya nazi. Si neno. Nimeagiza samli.