Kamati ya Kucheka Baada ya Kufungwa

Ofisi Kuu ya Vibali inayo heshima kuutangazia umma kwamba furaha imepatikana. Imepatikana ghorofa ya pili, ndani ya masijala, nyuma ya kabati la mafaili, siku ya Ijumaa, saa ya chakula cha mchana. Imeshawekwa chini ya usimamizi, na wananchi wanaombwa wawe watulivu.

Mimi ndiye katibu wa kamati iliyoshughulikia jambo hili, kwa hiyo nitaeleza lilivyokuwa bila kutia chumvi.

Mkurugenzi wetu alikuwa anatoka kikaoni, akasikia kishindo. Alidhani dari imeporomoka. Tulipofungua mlango wa masijala tulikuta watumishi watatu wamekaa juu ya maboksi, kila mmoja na simu yake: Dada wa Mapokezi, Dereva wa Mkurugenzi, na Mhasibu, ambaye tangu aajiriwe sikuwahi kuyaona meno yake. Siku hiyo niliyaona yote.

"Mnacheka nini?" Mkurugenzi aliuliza.

"Tumefungwa, bosi!" alisema Dereva akijifuta machozi. "Yaani tumekula za uso!"

Mkurugenzi alinitazama, nami nikamtazama Mkurugenzi. Ofisi yetu haijapata kushindwa. Kila mwaka tunajipa tuzo wenyewe na kujipigia makofi, na hakuna aliyewahi kucheka.

Ilibainika kuwa ni mchezo wa karata wa kwenye simu. Kila Ijumaa mchana mchezo huo huandaa pambano la timu, wanne kwa wanne. Kila mtu anacheza mkono wake, pointi zinatiwa chungu kimoja, na wachezaji wa pande zote mbili wanasikiana. Wa nne katika timu yao hakuwepo chumbani. Alikuwa baba yake Dada wa Mapokezi, mzee aliyevunjika nyonga, amelala kitandani kwake mtaa wa pili. Sauti yake ilitoka kwenye simu ya binti yake:

"Wewe Dereva! Turufu umeikalia kama kuku wa kuatamia. Ulitaka itotoe?"

Watatu wale wakaangukiana upya.

Mkurugenzi hakukasirika, maana ni mtu wa maendeleo. Aliunda papo hapo Kamati ya Kudumu ya Furaha ya Pamoja, akaipa jukumu la kuchunguza kinachofanya pambano hilo linoge, ili linogeshwe kitaalamu.

Tulianza na Mhasibu. Alisema hata akiambulia pointi kiduchu, zinaingia chungu kimoja na za Mzee, na siku moja hizo kiduchu ndizo zilizowavusha. Dereva alisema, "Mkuu, mimi nikiboronga nachekwa na watu wanaonipenda, halafu Ijumaa nyingine wananiita tena. Wapi pengine utapata hivyo?"

Kamati ilijadili majibu haya kwa kina, ikaona hayahusiani na mada.

Tukaboresha. Pambano likahamishiwa ukumbi wa mikutano, kwa kuwa furaha haiwezi kustawi juu ya maboksi. Unahodha ukafuata cheo, hivyo ukamwangukia Mkurugenzi. Karata yoyote kubwa isitupwe kabla nahodha hajaridhia. Utani wote upitie kwa katibu, naye ausome kwa sauti ya wastani. Na Mzee, kwa kuwa si mtumishi, aondolewe kwa heshima zote, nafasi yake aichukue nahodha.

Dada wa Mapokezi alimfuata Mkurugenzi ofisini mwake. Hakukaa.

"Bosi, naomba baba umwache. Tangu aanguke hajatoka nje. Wiki nzima ananijibu 'ndiyo' na 'hapana' tu. Ijumaa ndiyo siku anayonyoa ndevu."

"Lakini hao wapinzani hawamwoni," alisema Mkurugenzi.

"Hawamwoni. Na bado ananyoa."

Mkurugenzi aliguswa sana. Alifikiri, akamruhusu Mzee kutuma maombi ya kazi. Nafasi hazikuwepo, lakini ruhusa aliitoa.

Ijumaa ikafika. Tulitandika kitambaa cha kijani mezani. Mkurugenzi alifungua kwa hotuba, na alipomaliza raundi ya kwanza ilikuwa imepita, kwa sababu mchezo ule una saa yake na hauheshimu itifaki. Raundi ya pili Mhasibu aliinua mkono kuomba kibali cha kutupa ree ya kopa, karata yake kubwa kuliko zote. Mkurugenzi alitaka kwanza kujua athari zake. Wakati anaelezwa, simu ikamtupia Mhasibu karata nyingine yenyewe, ya hovyo kabisa.

"Tumekwisha," alinong'ona Dereva.

"Huo ni utani?" nikauliza. "Upitie kwangu."

Tulifungwa. Vibaya kuliko siku ile ya masijala. Tulisubiri kicheko kwa muda wa kutosha. Dada wa Mapokezi alikuwa anaitazama simu yake pale ambapo zamani sauti ya baba yake ilitokea. Nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao: furaha imetulia.

Ijumaa iliyofuata ukumbini tulikuwa wawili, nahodha na mimi. Wale watatu walikuwa wameaga kwa adabu kwamba wanakwenda kula, na saa ya chakula ni ya mtumishi. Mimi karata sizijui, ila nina uzoefu wa utawala, basi nikajiunga, na nafasi mbili zilizobaki mchezo ukazijaza wenyewe. Mchezo ukatupangia wapinzani wa mtaani kwetu, timu mpya iitwayo Nyonga Moja.

Nadhani tulifungwa mapema, ila sisi hatukujua. Ndipo sauti ikatoka kwenye simu ya Mkurugenzi, sauti ya mzee, na nyuma yake watu watatu wakivunjika mbavu:

"Huyu nahodha wa upande wa pili ni nani? Anashika karata kama mtu anayeshika mtoto wa jirani! Mwambieni karata hazing'ati!"

Nilishika kalamu ili nimfungulie mashtaka. Mkurugenzi alikuwa anatikisika mabega. Nilidhani ni shinikizo la damu. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka tai ikaingia kwenye chai.

Alasiri ile ile alikwenda nyumbani kwa Mzee kwa miguu, maana Dereva alikuwa kule kule. Nami nikafuatana naye. Mzee alikuwa kitandani, kidevu kinang'aa, watumishi wetu wamekaa mkekani wakigombania nani ameboronga.

"Shikamoo, Mzee," alisema Mkurugenzi. "Ninaomba mniingize kwenye timu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, sina kinyongo." Mzee alimtazama kwa huruma ya kweli. "Ila wanne tumetimia. Utakuwa wa akiba. Mmoja wetu akikwama, unaingia."

Mkurugenzi alishukuru, akapewa kigoda karibu na mlango.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo hadi sasa. Ijumaa asubuhi Mkurugenzi hapokei wageni wala hasaini kibali chochote. Leo nilimkuta amesimama dirishani, simu sikioni.

"Dereva, umeamkaje? Hujisikii vibaya popote?"

"Mzima kabisa, bosi. Nashukuru kwa kunijali."

"Hata mafua?"

"Hata chafya, bosi."

Akampigia Mhasibu. Akampigia Dada wa Mapokezi. Kisha akakata simu, akakaa, akaniambia kwa masikitiko makubwa kwamba watumishi wa siku hizi ni wazima mno.